Naomba ushauri: kurefusha bodi ya modeli ya ndege ya VC10 kabla ya kwanjula

Kijana wa Bombo
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nimekwama na hapa nyumbani hakuna wa kumwuliza.

Nina seti ya plastiki ya VC10, kipimo cha 1/144. Ni VC10 ya kawaida, ile fupi. Ninayoitaka mimi ni Super VC10 ya East African Airways, lile shirika la zamani la Kenya, Uganda na Tanzania, yenye simba wake. Ya kweli iliizidi ile fupi kwa mita 4 kasoro kidogo, kwa hiyo kwenye modeli inakuja kama milimita 27 na nusu. Mpango wangu ni kukata bodi mbele ya mabawa, kuchomeka kipande cha urefu huo, kuziba, halafu msasa mpaka mshono upotee. Kipande chenyewe nikitengeneze kwa kitu gani? Puti ya magari itakaa kwenye plastiki hii au itaila? Na nifanyeje bodi isipinde? Nikiitazama kwa mbele naona pua inaelekea kushoto.

Ni zawadi ya baba wa mchumba wangu siku ya kwanjula, siku ya kujitambulisha rasmi kwa wakwe na kupeleka zawadi. Mzee alikuwa fundi wa ndege wa East African, hapo Entebbe. Siku zinakaribia na usingizi siupati vizuri. Nisaidieni.

Fundi Katwe
Mimi ni mtu wa bodi za magari, ndege sijawahi kugusa. Lakini kurefusha ni kurefusha. Chesesi ya lori ukiiunga kichwa kwa kichwa, hata uchomelee namna gani, itakatikia palepale siku ya mzigo. Lazima kuwe na chuma ndani kinachopita pande zote mbili za kiungo. Ndege yako ifanyie hivyohivyo. Nenda duka la umeme ununue paipu ya waya ya milimita 20, kata kipande kirefu, kizungushie karatasi yenye gundi mpaka kiingie ndani ya bodi kwa kubana. Nusu ikae mbele, nusu nyuma, kipande chako kipya kiwe katikati. Pua haitakwenda kushoto wala kulia.

Puti ya magari inakaa, ila paka nyembamba, ikauke, urudie. Ukiijaza nene siku moja inapata joto na inalainisha plastiki.

Nakato wa Jinja
Kaka, nakusalimu. Naomba nikuulize kitu kimoja kabla ya mambo ya puti. Kanzu ya mzee umeshanunua? Koti lake je? Gomesi, lile gauni la heshima la mama? Mimi nimehudhuria kwanjula nyingi, na nimeona wanaume wanashughulikia kitu kimoja cha ajabu wanasahau vikapu. Watu wa upande wa msichana wanahesabu vikapu, hawahesabu mabawa.

Jogoo wa Muko
Nyongeza tu: ndege ya muko, yaani kaka wa bibi harusi, ni yule jogoo. Ukimpelekea shemeji ndege ya plastiki badala ya jogoo wake, utarudi Bombo kwa miguu.

Rubani wa Mezani
Hongera kwa kuchagua Super VC10. Najenga modeli tangu niko sekondari, na hii ni mojawapo ya ndege nzuri kuliko zote zilizowahi kutua Entebbe. Nikujibu kwa kirefu kidogo.

Usiingize urefu wote mbele. Waliporefusha ile ya kweli waligawanya, karibu nusu mbele ya bawa na nusu nyuma. Ukiweka zote mbele, shingo itakuwa ndefu na mtu yeyote aliyewahi kusimama chini ya ndege ile ataona kuna kitu kibaya hata kama hawezi kukitaja. Mzee wako ataona akiwa bado mlangoni.

Vipande vya kuchomeka: tafuta vikombe vya yogati vyenye namba 6 kwenye ile pembetatu chini. Hiyo ni plastiki ileile ya modeli, inayeyuka kwa gundi ileile. Kata ukanda, uzungushe juu ya paipu ya Fundi Katwe, tabaka juu ya tabaka, mpaka ulingane na bodi. Kava za CD pia ni aina hiyo lakini zinavunjika ukizikunja.

Mshono mdogo uzibe kwa supaglu iliyochanganywa na poda ya mtoto. Piga msasa mapema, siku hiyohiyo, maana ukiiacha ilale inakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe na utakuwa unakwangua pembeni, si penyewe.

Kingine ambacho watu husahau: injini zote 4 ziko nyuma na mkia ni mzito. Usipoweka uzito puani itakalia mkia. Risasi za nyavu za wavuvi zinatosha, ukizifunga kwa gundi nyuma ya chumba cha marubani kabla ya kufunga bodi. Na Super VC10 za East African zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto, mbele. Uchore kwa ncha ya sindano, sehemu hiyo usiisahau.

Sasa na mimi niulize. Unasema unataka kukata, halafu unasema pua inaelekea kushoto. Bodi ambayo haijakatwa pua yake haiendi popote. Umeshakata?

Kijana wa Bombo
Asanteni sana wote. Fundi Katwe, paipu nimeielewa. Dada Nakato, kanzu na gomesi ziko tayari, vikapu mama na shangazi zangu wanavishughulikia.

Rubani, ndiyo, mbele nimeshakata. Nyuma bado. Nilitumia uzi wa msumeno wa chuma na umekula plastiki kidogo, lakini msasa utarekebisha. Sikuona sababu ya kungoja kwa sababu mpango ulikuwa wazi kichwani.

Rubani wa Mezani
Sawa. Na seti uliipata wapi? Nauliza kwa nia njema. Seti ya VC10 huikuti dukani Kampala, mimi zangu hubebewa na watu wanaotoka nje. Ukiniambia umeagiza ni ya kampuni gani nitajua plastiki ni laini au ngumu.

Kijana wa Bombo
Niliipata kwa mtu. Kampuni sikumbuki, sanduku limechakaa.

Stika nimeshachapisha Nasser Road. Simba ametoka vizuri. Namba ya usajili nimechagua 5X-UVA kwa sababu 5X ndiyo Uganda.

Mzee wa Kitooro
Mwanangu, nimekuwa nikisoma tu, lakini hapo kwenye 5X-UVA lazima niseme.

Mimi ni mtu wa Entebbe. Tukiwa watoto tulikuwa tunajua ndege kwa sauti. Friendship, ile ndogo ya mapangaboi, ilikuwa inalia kama nyuki, unaisikia unaendelea na mchezo. VC10 ilipoanza kukimbia, mchezo ulisimama. Kifua kilikuwa kinatetemeka. Baba yangu alikuwa mpishi wa kiongozi mmoja serikalini na alikuwa anakasirika kwa sababu sufuria zilikuwa zinagongana rafuni. Mimi sikukasirika hata siku moja.

Zilikuwa 5 kwa jumla na ziliandikishwa katika nchi zote 3: 5X za Uganda, 5Y ya Kenya, 5H za Tanzania. Uganda tulikuwa na UVA na UVJ. Hiyo UVA ndiyo iliyoanguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972. Ilikuwa inaondoka kwenda Rome na London, tairi la pua likapasuka baada ya kukanyaga chuma kilichoachwa njiani na ndege ndogo, rubani akakatisha kuruka, njia ikamwishia. Waliokuwamo ni 107, waliokufa ni 43. Redio ilipotangaza, mtaa wetu mzima ulikaa nje.

Fundi wa East African wa miaka ile, ukimletea mezani 5X-UVA mbele ya wageni, hujui unamletea nini. Andika 5X-UVJ. Hiyo ilibaki hadi shirika lenyewe lilipokufa 1977, ikarudi Uingereza pamoja na wenzake 3 na jeshi la anga la huko likazigeuza za kubeba mafuta ya kuongezea ndege nyingine angani, na za mwisho zikaruka mpaka 2013.

Kijana wa Bombo
Mzee, shikamoo. Hilo la Addis sikulijua kwa undani huo. Nitabadilisha herufi.

Rubani wa Mezani
Herufi moja tu, chapisha J na ukate A. Kama wamekuchapishia kwa mashine ya wino wa maji, pulizia vanishi kwanza kabla ya kuiloweka, la sivyo simba atayeyuka mkononi.

Swali langu hujalijibu, lakini. Mtu gani?

Fundi Katwe
Kijana jibu. Gari likiletwa gereji tunauliza kadi.

Kijana wa Bombo
Basi niseme, maana naona hamtanisaidia mpaka niseme.

Seti ni ya mzee mwenyewe. Ilikuwa juu ya kabati chumbani kwake, chini ya masanduku, miaka na miaka. Mchumba wangu ndiye aliyenitolea. Mzee alikuwa ameianza zamani, alipaka ndani ya bodi rangi nyeusi na viti vya marubani ameshavibandika, halafu akaiacha. Macho yake sasa si mazuri na mikono inatetemeka. Hakuna siku angeimaliza. Mimi nikasema niimalizie, niitengeneze iwe ndege yake hasa, siyo ile fupi ambayo East African haikuwahi kuwa nayo, nimkabidhi mbele ya watu. Sijaiba kitu. Inatoka kwake na inarudi kwake ikiwa bora. Binti yake anajua. Kama mngekuwa mmeiona ilivyokuwa na vumbi msingenihukumu.

Nakato wa Jinja
Kaka! Umechukua kitu chumbani kwa mkwe kabla hata hujajulikana rasmi pale nyumbani, ukakikata kwa msumeno wa chuma, na unakuja kutuuliza mambo ya puti?

Chumbani kwa baba mkwe hupeleki hata macho. Siku hiyo msemaji wenu atasimama, aseme "tumeleta", na mzee atatambua kitu chake. Atasemaje mbele ya ukoo? Akicheka ni bahati yako. Akinyamaza je?

Hajati Zaituni
Mwanangu usiogope, lakini msikilize Nakato. Kuna ssenga, shangazi wa binti upande wa baba. Kazi yake ndiyo hii. Mwambie mchumba wako aende kwa ssenga wake leo, amweleze yote bila kupunguza, ssenga ataingia kwa kaka yake kwa lugha yake. Mimi nimeshapeleka maneno mazito kuliko ndege. Kijana mmoja alikuwa amegonga ng'ombe wa baba mkwe kwa pikipiki wiki ya kwanjula, na tulimaliza kwa mazungumzo, wakaoana, wana watoto watatu, na huyo ng'ombe alipona.

Jogoo wa Muko
Hajati, ng'ombe alirefushwa?

Kijana wa Bombo
Ssenga akiambiwa, mzee atajua usiku huohuo na mshangao umekufa. Nataka aione mara ya kwanza ikiwa imesimama kwa magurudumu yake, nyeupe, na simba mkiani. Mnaniambia nimwulize ruhusa ya kumpa zawadi. Nani anaomba ruhusa ya kumpa mtu zawadi?

Na kuhusu mahali pa kukata, bado naona mbele peke yake panatosha. Kukata mara mbili ni mishono miwili.

Rubani wa Mezani
Mishono miwili iliyo mahali pake ni bora kuliko mmoja mahali pabaya. Lakini hebu tuliache hilo. Mzee ni fundi wa ndege. Tofauti ya VC10 fupi na Super anaijua kuliko sisi sote hapa. Kama alinunua fupi na akaianza, ama dukani hapakuwa na nyingine, ama alikuwa na sababu. Ghana Airways walikuwa na zile fupi, pengine alikuwa anaitaka ya Ghana. Wewe unaisahihisha kazi ya fundi bila kujua alikuwa anafanya nini.

Macho Mawili
Samahanini, mimi hadithi hii siiamini hata kidogo, na nashangaa mnamwonea huruma.

Kwanza ilikuwa "nina seti". Ikawa "niliipata kwa mtu". Sasa ni ya baba mkwe. Kampuni haikumbuki, na sanduku liko mbele yake. Pili, karakana kubwa ya East African ilikuwa Embakasi, Nairobi. Huyu "fundi wa Entebbe" alikuwa anatengeneza nini Entebbe? Tatu, fanyeni hesabu. Mtu aliyekuwa fundi kamili miaka ya mwanzo ya 70 leo amekaribia miaka 80. Binti yake anayefanyiwa kwanjula ana miaka mingapi? Nne, hakuna picha hata moja. Ni mtu amekaa na simu yake anatutungia tamthilia, na mzee wa watu kule Kitooro amefunguliwa kidonda cha 1972 bure.

Mzee wa Kitooro
Mwanangu Macho Mawili, kidonda changu kiache, nimekifungua mwenyewe.

Ni kweli kazi nzito zilifanyika Embakasi. Lakini ndege ikitua Entebbe na taa inawaka chumba cha marubani, nani anaipokea? Hawatairusha mpaka Nairobi ili iangaliwe ile taa. Kila kituo kilikuwa na mafundi wake. Jirani yetu alikuwa mmoja wao, alikuwa anavaa ovaroli nyeupe iliyopigwa pasi mistari miwili mgongoni.

Kijana wa Bombo
Mchumba wangu ni kitinda mimba. Mzee alimpata amevuka miaka 50. Hayo ni mambo ya watu na sikupenda kuyaandika hapa. Sanduku ubavu mmoja umeliwa na mende, jina halisomeki. Picha sitaki kuweka kwa sababu mzee ana wajukuu wanaotembea humu mitandaoni kuliko mimi.

Macho Mawili
Hatutaki picha. Chukua tochi ya simu, angalia ndani ya nusu moja ya bodi, utuambie unaona nini. Modeli za zamani huwa na maandishi yaliyofinyangwa ndani ya plastiki. Mtu mwenye kitu mkononi haihitaji dakika 5. Mtungaji atasema simu imeisha chaji.

Fundi Katwe
Hapo sawa. Gari lionyeshe namba ya chesesi.

Hajati Zaituni
Mmeanza kuwa polisi. Kijana, umeshazungumza na ssenga?

Kijana wa Bombo
Nimerudi. Sikujibu haraka kwa sababu ilibidi nikae kwanza.

Ndani mzee alipaka nyeusi isiyong'aa, kwa hiyo ukiangalia moja kwa moja huoni kitu. Nilimulika kwa pembeni, tochi ikiwa imelala karibu na plastiki, nusu ya kushoto. Maandishi ya kampuni hayapo, au yamefunikwa na rangi. Lakini kuna penseli. Inang'aa kijivu juu ya ile nyeusi. Kuna mstari mmoja umezunguka ndani mbele ya mahali bawa linapoingia, umenyooka, umepigwa kwa rula iliyokunjwa au kitu kama hicho. Kuna mwingine wa namna hiyohiyo nyuma ya bawa. Na katikati ya mistari hiyo, kwa mwandiko mdogo sana: 156 ÷ 144. Basi. Hakuna neno lingine.

Mkato wangu wa mbele uko nyuma ya mstari wake kwa upana wa ukucha. Sijui 156 ni nini. Rubani, unajua?

Rubani wa Mezani
Najua. Nimesoma mara tatu.

Super VC10 iliizidi ile fupi kwa futi 13. Futi 13 ni inchi 156. Ukigawanya kwa 144, kipimo cha modeli yako, unapata inchi moja na kidogo, ambayo ni milimita 27 na nusu. Ni hesabu yako wewe, ila yeye aliifanya kwa inchi, kama walivyofundishwa mafundi wa ndege za Kiingereza. Alikuwa anairefusha. Alinunua fupi kwa sababu ndiyo aliyoipata, akapima, akapiga mistari pande zote mbili za bawa, halafu hakukata.

Macho Mawili
Mimi hiyo 156 ningeweza kuitafuta na kuitunga. Lakini ile ya kumulika kwa pembeni, penseli kung'aa juu ya nyeusi, hapana. Hilo lazima uwe umeliona. Nafuta nilichosema kuhusu wewe. Kuhusu Embakasi sifuti.

Nakato wa Jinja
Kwa hiyo mzee ana mpango wake ndani ya hiyo ndege, na hajaumaliza. Kaka, hapo bado unasema ni mshangao?

Kijana wa Bombo
Dada, nilikuwa nataka kumfurahisha. Bado nataka. Lakini kwa nini hakukata? Plastiki ilikuwa mkononi, mistari ipo, gundi ipo kwenye sanduku, imekauka bila kuisha. Hilo ndilo linalonikosesha raha sasa, na jibu lake siwezi kulipata humu.

Mchumba wangu ameshampigia ssenga. Nimemwambia aseme yote, na ya penseli pia. Kwanjula nitapeleka kanzu, koti na vikapu kama watu wote. Ndege nitaipeleka kabla, kwa mlango wa nyuma, ikiwa vipande kama ilivyo.

Fundi Katwe, Rubani, mkato wa nyuma bado haujaguswa na safari hii sitaki kutumia msumeno wa chuma. Kuna mwenye msumeno wa meno madogo wa kuazima?

Rubani wa Mezani
Ninao, mwembamba kama wembe, na kale kajiboksi ka kunyooshea mkato. Niko Ntinda. Chukua na vikombe vyangu vya yogati, vimeshaoshwa.

Nakupa kwa sharti: mstari wa nyuma akate mzee. Mkono ukitetemeka, wewe shika bodi.

Fundi Katwe
Na ule mkato wa mbele uliopita mstari kwa ukucha, usiuzibe kabla hajauona. Kipande cha mbele kiongezee tu ule upana wa plastiki ulioliwa na msumeno, pua itakaa pale alipopima. Paipu njoo uchukue kwangu, ninazo chakavu za bure.

Hajati Zaituni
Ssenga amesemaje?